Kupiga Roki ya Ala Tupu kwa Gitaa la Mapajani

Mpiga solo wa roki akihamia kwenye gitaa la mapajani, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta vidole vyake. Anataka zile mbio za noti alizozoea, anataka kuvuta uzi, anataka kuruka freti tano kwa kidole kidogo. Mkononi ameshika kipande cha chuma, na chuma hakina vidole. Baada ya wiki mbili gitaa linarudi kabatini. Langu lilirudi huko mara mbili, mpaka nilipoacha kulikabidhi kazi ya mpiga gitaa, nikalikabidhi kazi ya mwimbaji. Kibao cha ala tupu kina nafasi ya mwimbaji iliyo wazi, na hakuna gitaa linaloijaza nafasi hiyo vizuri kama hili.

Wala si chombo kigeni kwenye roki. Kilizaliwa Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi kuhusu mwanzo wake ni la Joseph Kekuku. Gitaa la umeme la mwanzo kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, lile la Rickenbacker la alumini la mwanzoni mwa miaka ya 1930 lililobandikwa jina la kikaango, lilikuwa la kulazwa mapajani. Leo Fender naye, kabla hajaunda magitaa ya kusimama nayo jukwaani, alikuwa akiunda ya mapajani pamoja na mwenzake Doc Kauffman mwaka 1945. Mtu akikuuliza unafanya nini na chombo hicho kwenye bendi ya roki, mwambie umemleta kaka mkubwa.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anapiga gitaa la kawaida kidogo, anajua majina ya noti na anajua kodi ni nini.

Hatua ya 1: Gitaa, chuma na kucha

Chukua gitaa la nyuzi 6. Ya nyuzi 8 yapo na yana utajiri wa kodi, ila ukiwasha distosheni, yaani ile sauti ya kukwaruza ya roki, kila uzi usioupiga unaanza kuzungumza peke yake, na kuuzima ni kazi ya ziada. Mengi yana urefu wa uzi wa inchi 22.5, yaani kama sentimita 57, mafupi kuliko gitaa la umeme la kawaida. Freti zake ni mistari ya kuongoza macho tu. Huzikandamizi.

Kama huna, gitaa lolote la kawaida linageuzwa kwa kidaraja cha chuma kinachovishwa juu ya kile cha kichwani, nyuzi zikanyanyuka karibu sentimita moja kutoka kwenye ubao. Linatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo. Funga nyuzi nene kuliko ulizozoea: uzi wa kwanza wa inchi 0.015 au 0.016 unafaa kwa tyuni nitakayokupa hapa chini. Uzi mwembamba unazama chini ya uzito wa chuma, na noti inapanda bila wewe kutaka.

Chuma kiko cha aina mbili. Kuna kile cha mviringo chenye ncha kama risasi, na kuna kile chenye mifereji ubavuni ambayo vidole vinakaa. Wapigaji wengi wa nchi za Magharibi wanaopiga kantri watakupa kile cha mviringo. Kwa roki nakushauri chenye mifereji, kwa sababu utahitaji kukiinua na kukirudisha haraka, na cha mviringo kinapenda kuteleza mkononi wakati huo huo. Kiwe kizito. Chuma chepesi kinatoa sauti nyembamba, na hukai nacho muda mrefu kabla hujaanza kulaumu amplifaya.

Mkono wa kulia: vaa kucha ya plastiki kwenye dole gumba, na za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati. Ukiona kucha za chuma zinakusumbua, baki na ile ya gumba peke yake na uache vidole vitupu. Mimi hupiga hivyo nusu ya wakati.

Hatua ya 2: Tyuni

Anza na D ya wazi, yaani nyuzi zikipigwa tupu zinatoa kodi ya D. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: D A D F# A D. Ukitoka kwenye tyuni ya kawaida ya gitaa, uzi wa 6 unashuka toni moja, wa 5 na wa 4 unaviacha vilivyo, wa 3 unashuka nusu toni, wa 2 na wa 1 zinashuka toni moja moja. Hakuna uzi hata mmoja unaopandishwa, kwa hiyo hakuna utakaokukatikia usoni. E ya wazi ni tyuni ile ile ikiwa toni moja juu, na ina mng'ao zaidi, lakini hiyo inapandisha nyuzi tatu.

Sababu ya kuichagua D kwa roki iko kwenye nyuzi tatu nene: D A D. Hiyo tayari ni kodi ya nguvu: mzizi, yaani noti inayoipa kodi jina, na tano, yaani noti ya tano ya ngazi, bila ile ya tatu inayoamua meja au maina. Weka chuma freti ya 7, piga nyuzi 6, 5 na 4, umepata A. Freti ya 5 ni G. Freti ya 10 ni C. Distosheni haichafui kodi hizi.

Utasikia watu wakisifu C6, yaani C E G A C E. Wana hoja, na nitarudi kwake kwenye hatua ya 6. Usiifunge kwa seti ile ile ya nyuzi za D. Kila tyuni ina unene wake.

Hatua ya 3: Kupata noti iliyo sawa

Hapa ndipo penye jasho. Kwenye gitaa la kawaida unakandamiza katikati ya freti mbili na chuma cha freti kinakusahihishia. Hapa noti iko juu ya mstari wenyewe. Milimita mbili pembeni, kila mtu chumbani anajua. Na jicho linadanganya: ukikaa umeinama upande wa kushoto, unauona mstari mahali ambapo haupo. Keti ukiwa na kichwa juu ya freti unayopiga, si juu ya freti ya 12 siku zote.

Fanya zoezi hili kila siku kabla ya jambo lingine. Piga uzi wa 4 ukiwa mtupu, uuache uimbe. Kisha kwenye uzi wa 1 weka chuma freti ya 12 na usikilize: noti hizo mbili ni D na D. Zikigongana, utasikia sauti inapepea kama feni. Sogeza chuma taratibu mpaka upepeo ukome. Rudia freti ya 7, ambayo ni A, na freti ya 5, ambayo ni G. Dakika kumi. Tyuna ya umeme iweke pembeni uitazame mwishoni tu, kwa sababu unachofundisha ni sikio.

Chuma kilale sambamba na mistari, kikigusa nyuzi kwa uzito wake pamoja na msukumo mdogo wa mkono. Kidole cha pete na kidole kidogo vilale nyuma ya chuma, upande wa kichwa cha gitaa, vikigusa nyuzi kwa wepesi. Hao ndio walinzi. Bila wao, nyuma ya chuma kunatoka mluzi ambao distosheni itaupandisha hadi uwe sauti ya pili.

Mtetemo uache kwanza. Wanaoanza huukimbilia kwa sababu unaficha noti isiyokuwa sawa. Unapofika wakati wake, piga noti, iache inyooke kwa muda, kisha tingisha chuma mbele na nyuma huku mstari wa freti ukiwa katikati ya safari. Kwa vibao vya polepole, uwe mpana na mvivu. Kwa vya haraka, mwembamba.

Hatua ya 4: Kuzima

Mkono wa kulia una kazi mbili, na ile ya pili ndiyo ngumu. Upande wa kiganja, chini ya kidole kidogo, ushushwe juu ya nyuzi karibu na daraja mara tu noti inapopaswa kuisha. Piga, zima, hama, piga. Kwa mwendo wa midundo 60 kwa dakika fanya hivyo kutoka freti ya 7 hadi ya 10 ya uzi mmoja, mara ishirini, bila kusikika hata chembe ya mtelezo katikati.

Ndiyo, nimesema bila mtelezo. Watu wanashangaa kwa nini mtu anunue gitaa la kuteleza halafu ajifunze kutoteleza. Jibu liko kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kuhamisha wimbo

Chukua kibao unachokipenda, weka gitaa chini, imba. Hata kama sauti yako ni ya kuku. Rekodi kwa simu. Kisha sikiliza mahali ulipovuta pumzi, mahali ulipounganisha noti mbili kwa sauti moja, na mahali ulipozikata. Hiyo rekodi ndiyo ramani yako, kuliko maandishi yoyote ya freti yaliyoandikwa kwa gitaa la kawaida.

Sasa tafuta noti. Kwa kii ya A maina, kwenye D ya wazi, una kisanduku kizuri kuzunguka freti ya 7. Uzi wa 4: freti ya 7 ni A, ya 10 ni C. Uzi wa 3: ya 8 ni D, ya 10 ni E. Uzi wa 2: ya 7 ni E tena, ya 10 ni G. Uzi wa 1: ya 7 ni A, ya 10 ni C. Umbo ni 7 na 10 kila mahali, isipokuwa uzi wa 3 ambao unaanzia 8. Ukitaka D maina lihamishe lianzie freti ya 12, na uzi wa 3 uanzie 13. Kwa noti mbili zilizobaki za A maina ya kawaida, B iko freti ya 9 ya uzi wa 1 na wa 4, na F iko freti ya 8 ya uzi wa 2.

Karibu kila noti unaweza kuipata pahala pawili, na uamuzi wa wapi uipige ndio unaotengeneza tofauti. Ukibaki kwenye uzi mmoja, noti zinaungana kama silabi ndani ya neno. Ukivuka kwenda uzi mwingine, unapata kato, mwanzo wa neno jipya. Jaribu kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya mazoezi: uzi wa 2, freti ya 7, ishikilie mapigo mawili, teleza hadi 10, rudi 7 kwa kuzima, bila kuteleza, vuka uzi wa 3 freti ya 8, vuka uzi wa 4 freti ya 10, teleza hadi 7 na umalizie hapo kwa mtetemo. Kwa majina ni E, G, E, D, C, A. Kipige mara ya kwanza bila mtelezo wowote. Mara ya pili weka ile miwili niliyoitaja. Mara ya tatu teleza kila mahali, usikie mwenyewe jinsi kinavyolewa.

Kanuni yangu ni mitelezo miwili, mitatu ikizidi, kwa mstari mmoja wa wimbo. Ukiona umefika mitano, umeacha kuimba unalia.

Na noti zitupe. Kibao kikiwa na mbio za noti nane ndani ya pigo moja, tafuta ile wanayoikimbilia na ile wanayotoka, uunganishe kwa mtelezo mmoja. Msikilizaji hatahesabu.

Hatua ya 6: Mbinu za gitaa la roki, zikitafsiriwa

Kuvuta uzi. Mpiga gitaa anapovuta uzi toni moja, wewe anza freti mbili nyuma na upande. Siri iko kwenye muda: yeye husikika kwanza kwenye noti ya chini, anakawia, kisha anapanda haraka. Ukipanda kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, inasikika kama king'ora.

Mkono wa kutetemesha daraja, yaani ile fimbo iliyofungwa kwenye daraja la gitaa. Bendi za ala tupu za miaka ya 1960 ziliupenda sana, kodi nzima ikiyumba mwishoni mwa mstari. Hapa unaupata bure: tingisha chuma juu ya nyuzi zote. Paul Bigsby, ambaye mkono wake wa kutetemesha unajulikana hadi leo, alikuwa pia mtengenezaji wa magitaa ya chuma, yaani ya kupigwa kwa chuma kama hili, na sidhani masikio yake yaliitofautisha sana sauti ile na hii.

Kupiga haraka noti moja. Hii haibadiliki kabisa. Mpiga gitaa Dick Dale alipoipiga Misirlou mwaka 1962, wimbo wa zamani wa mashariki mwa Mediterania, mkono wa kulia ulikuwa ukifanya kazi kubwa kuliko wa kushoto. Kwenye uzi mmoja ngazi ya namna hiyo iko freti 0, 1, 4, 5, 7, 8, 11 na 12. Tumia kucha ya gumba kama kipiki, chini na juu, na chuma kiruke kutoka noti hadi noti. Ule mporomoko wa uzi mnene kutoka juu hadi chini, ambao kwenye gitaa la kawaida huchubua kidole, hapa ni starehe.

Noti za haraka kwa kidole cha kushoto. Hapa ndipo chuma chenye mifereji kinalipa. Kishushe kwa kishindo kidogo kwenye freti ya 3 au ya 5, kisha kiinue kwa kuuvuta uzi kidogo upande, uzi mtupu ujibu. Inawezekana kwenye kii ya D tu, au kwenye kii ambazo nyuzi tupu zinaingia. Kwengineko, iache.

Noti za kengele. Gusa uzi kwa ubavu wa kiganja freti 12 mbele ya chuma, piga, inua kiganja papo hapo. Chuma kikiwa freti ya 5, unagusa juu ya 17. Tumia kwa nadra, mwishoni mwa wimbo.

Kodi za maina. Hili ndilo pengo la D ya wazi: chuma kimoja kilichonyooka kinakupa meja tu. Njia ya kwanza ni kuuruka uzi wa 3, kodi ikabaki bila tatu, na besi pamoja na ridhimu wakamalizia. Njia ya pili ni kupiga uzi wa 3 na wa 2 peke yake: freti ya 3 unapata A na C, na besi ikiwa kwenye A, sikio linasikia A maina kamili. Freti ya 8 ni D maina, ya 10 ni E maina. Mwambie mpiga besi mapema. Akihamia F wakati wewe umeshika A na C, kodi yako imegeuka F meja bila wewe kusogea.

Kama vibao vyako vingi ni vya maina na vinahitaji kodi laini, hapo ndipo C6 inapokuja. Nyuzi 1, 2 na 3 ni A maina. Nyuzi 4, 5 na 6 ni C meja. Freti ile ile. Freti ya 5 una D maina na F, freti ya 7 una E maina na G. Kodi sita kwa mahali patatu. Kwa distosheni nzito sipendi ile A iliyokaa jirani na G, zinagombana. Kwa sauti safi ni tamu.

Hatua ya 7: Amplifaya

Weka distosheni pungufu ya ile unayotumia kwenye gitaa la kawaida, karibu nusu. Chuma kinaifanya noti iishi muda mrefu chenyewe, hauhitaji msaada mwingi, na kila mkwaruzo wa chuma juu ya uzi unapandishwa pamoja na wimbo. Sauti kali ya juu ipunguze kwenye gitaa lenyewe kabla ya kugusa amplifaya. Ukiwa na pikapu mbili, yaani vinasa sauti vya chini ya nyuzi, anza na ile iliyo mbali na daraja.

Mwangwi ni nusu ya muziki huu. Hank Marvin wa The Shadows alijenga sauti yake juu ya mashine ya mwangwi ya utepe, na dilei ya kisasa ya milisekunde 300 hadi 400, marudio mawili au matatu, inakufikisha jirani. Hadhari moja: dilei inarudia pia makosa ya freti. Noti isiyo sawa ikirudi mara tatu juu ya iliyo sawa, wimbo unachachuka. Fanya mazoezi ukiwa umeizima.

Pedali ya sauti ikiwepo, piga noti ikiwa imefungwa, kisha ifungue. Mwanzo wa noti unapotea, inabaki pumzi. Hakuna kifaa kingine kinacholisogeza gitaa hili karibu na koo la mtu kama hicho.

Hatua ya 8: Vibao vya kuanzia

Cha kwanza kiwe Sleep Walk ya Santo & Johnny, ya mwaka 1959. Ilifika namba moja Marekani, na sauti inayoongoza ni ya gitaa la chuma, mkononi mwa Santo Farina. Huhitaji kutafsiri chochote. Unasikiliza chombo chako kikizungumza lugha yake. Kisha Albatross ya Fleetwood Mac ya mwaka 1968, kwa sababu noti ni chache na ndefu, na utafunuliwa kila usipofika kwenye mstari. Kisha Apache ya The Shadows, ya 1960, ambako utajifunza kukata, maana mdundo wake unakwenda kwa kwato.

Walk, Don't Run ya The Ventures iache kwa mwaka wa pili. Niliijaribu mwezi wa tatu nikapata kitu kilichofanana na kiti kikiburuzwa sakafuni.

Kila kibao kirekodi kwa simu, mara moja bila bendi na mara moja pamoja na besi na ngoma. Usisikilize usiku huo huo. Kiganja bado kinakumbuka ulichokusudia na sikio linakubaliana nacho. Sikiliza asubuhi. Andika freti zilizokuwa chini na zilizokuwa juu. Kwangu mimi ni freti ya 10, kila mara chini kwa nywele moja, na mpaka leo nikiikaribia nainua kichwa kwanza.